Landrova Iliyokunywa Pombe ya Shangazi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Nyakabiga ananiuliza swali lile lile, na kila mmoja ana yake aliyoyasikia. Wengine wamesikia kwamba nililewa njiani. Wengine wanasema nilimwiba shangazi yangu kutoka Kasulu. Sasa naandika mara moja, msome wenyewe, mniache ninunue mkaa wangu kwa amani. Habari za makaratasi, mihuri na picha za pasipoti naziruka. Aliyewahi kuvuka mpaka anazijua, na asiyewahi hazitamsaidia kitu.

Kabla ya kutoka

Landrova ya baba mnaijua. Ni ile ndefu ya kijani, bodi imefungwa mpaka nyuma, iliyokuwa ikiegeshwa mbele ya gereji yake na sasa inaegeshwa mlangoni kwangu. Baba alikuwa fundi wa magari maisha yake yote. Alipofariki, mimi ndiye niliyebaki na funguo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikilala naye chini ya hilo gari tangu nikiwa darasa la tatu, nikimshikia tochi.

Ulipokaribia wakati wa kumaliza matanga, tulikaa kikao. Baba mdogo Leonidas, mdogo wake baba, ndiye aliyeshika nafasi ya mkubwa wa familia. Akaanza na mimi.

"Espe, ile gari tutaikata. Nimepata mutu moja wa Carama, anayeyushaka alminyamu, anatengeneza masufuria. Anataka bodi yote."

"Baba mdogo, ile gari inatembea."

"Inatembea inaenda wapi? Na mutoto mwanamuke haezi riti gari ya baba yake. Minakuambia bila kukukasirikia."

Basi nikakasirika mimi kwa ajili ya sote wawili. Nilisema maneno ambayo binti hasemi kikaoni, na sijayajutia. Nilimuuliza ni nani aliyeshika tochi. Nilimuuliza yeye mwenyewe aliwahi lini kufungua hata boneti. Mama yangu, mtu wa Uvira asiyeogopa kikao chochote, alikuwa anatazama dari, nami najua alikuwa anacheka.

Mwisho baba mdogo akapata njia ya kuninyamazisha. Matanga hayawezi kumalizwa bila shangazi Klotilda, dada mkubwa wa baba, ambaye alikimbilia Tanzania akiwa msichana, akaolewa Kasulu, akabaki huko. Lazima aendewe.

"Bon. Ile gari yako iende Kasulu, irudi na shangazi ndani. Ikifika, tutaongea tena. Ikikufa njiani, yule mutu wa Carama ataifuata pale pale ilipo."

Nikasema sawa kabla hajafunga mdomo.

Mgeni wa namna hiyo haitwi kwa simu. Anapelekewa pombe. Kwetu neno zito halisemwi kinywa kikavu: shamba likiuzwa, posa ikikubaliwa, waliokunywa pombe ya siku ile ndio mashahidi, na shahidi hafukuzwi wala haguswi. Baba mdogo mwenyewe alikamua urwarwa, pombe ya ndizi inayochachushwa kwa unga wa mtama, kutoka migomba aliyoipanda baba kule Gasenyi. Ilikuwa bidoni moja ya njano ya lita kumi, imefungwa kwa jani la mgomba. Nikaiweka nyuma ya gari, kando ya bidoni nyingine ya njano ya lita kumi, ya maji ya rejeta. Mwenye akili ameshaona ninakokwenda.

Bujumbura hadi Rumonge

Hatua ya kwanza ilikuwa ya mita mia tatu na ilichukua siku mbili, maana ilikuwa foleni ya mafuta. Nyuma yangu alikuwa Désiré na Landkruza yake nyeupe. Désiré ni mtoto wa baba mdogo, na kwetu huyo ni kaka, habari ya binamu hatuijui. Alitumwa kunifuata ili Landrova ikizimika shangazi asikose usafiri. Alikuwa amevaa miwani ya jua tangu asubuhi, na viti vya gari lake bado vilikuwa na nailoni.

"Espe, Waingereza walitengenezaka debe," alisema, akiegemea dirisha langu. "Gari walitengeneza Wajapani."

Watu wa foleni hawana kazi. Waliposikia hivyo wakasogea: mwalimu mmoja mstaafu mwenye pikipiki, na mama aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha gari kwa gari. Nami nikawapa historia kama baba alivyonipa, tumelala chini ya chesisi.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, nikawaambia, Uingereza ilikuwa na njaa ya chuma. Alminyamu ndiyo iliyokuwepo, kwa sababu ndege za vita hazikuhitajika tena kwa wingi ule. Mhandisi mmoja alikuwa na jipu ya Kimarekani shambani kwake, iliyobaki vitani, imechakaa, akajiuliza ikifa atanunua nini. Wakajenga gari la mkulima juu ya chesisi ya jipu, bodi ya alminyamu, rangi ya kijani iliyobaki jeshini. Lile la kwanza kabisa la majaribio usukani ulikuwa katikati, kama trekta. Wajerumani nao, waliovunjwa vitani, wakatengeneza lori dogo la shamba, na nafasi kati ya matairi yake wakaipima kwa mistari miwili ya viazi.

"Viazi!" alisema mama wa mayai. Hilo lilimfurahisha kuliko yote.

Na Wajapani? Hao walianza Wamarekani walipokuwa vitani Korea, wakitafuta magari ya aina ya jipu ya kununua karibu na huko. Wajapani wakatengeneza lao, wakalipandisha mlima Fuji mpaka mahali ambapo gari halikuwa limewahi kufika. Baadaye wakalitafutia jina lisilopungua heshima mbele ya lile la Waingereza, ndiyo maana majina yote mawili yanaanza sawasawa.

"Kwa hiyo Landrova na Landkruza ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo," nikamaliza. "Babu yao ni jipu moja. Kama mimi na huyu."

"Na mukubwa ni nani?" akauliza mwalimu.

"Landrova."

"Mukubwa njo anakufaka mbele," akasema Désiré.

Hakuna aliyecheka. Nadhani alisikia alichosema baada ya kukisema, kwa sababu baba yangu ndiye aliyekuwa mkubwa wa baba yake, na ndiye aliyetangulia kufa. Alivua miwani, akanunua mayai manne, akanipa matatu. Nilikula, lakini sikumjibu mpaka tulipopita Kabezi.

Rumonge hadi Nyanza-Lac

Rumonge tulikula mukeke wa kukaanga kwa mawese na ugali wa muhogo, kwa mama mmoja ambaye alikataa kutuletea samaki kabla hatujanawa mbele yake. Aliitazama Landrova, akaniuliza kama ni ya padri. Nikamwambia ni yangu. Akamuuliza Désiré kama ni kweli. Hapo nilitaka kuondoka na samaki wake mkononi.

Mbele ya Rumonge ziwa lilikuwa limeingia barabarani. Vijana wa pale walikuwa wamechora njia ya kuzunguka katikati ya michikichi, na kila aliyepita aliichimba zaidi. Nikaingia wa kwanza, kichwa juu. Katikati nikazama mpaka kwenye ekseli.

Nawaandikia ukweli, kwa hiyo na hili nitaliandika. Landkruza ndiyo iliyonitoa. Désiré alifunga kamba, akaweka gia ya chini, akanivuta taratibu, bila makelele, kama mtu anayeng'oa muhogo asitake uvunjike. Alijua kazi yake. Nilipokanyaga nchi kavu alikuja dirishani, matope mpaka magotini.

"Usiseme kitu," nikamwambia.

"Mi nasema nini? Nanyamaza."

Alinyamaza kwa furaha mpaka Nyanza-Lac. Kunyamaza kwake kulikuwa na mdundo, nawaapia.

Kupanda Mabanda

Kutoka Nyanza-Lac barabara inaliacha ziwa na kupanda. Rejeta ya baba ilikuwa imezibwa mara nyingi kuliko nguo ya shule, na kuvuja kidogo ilikuwa kawaida yake. Lakini kwenye kona ya tatu mshale wa joto ulikwenda mwisho na mvuke ukatoka kila upande. Nikasimama. Désiré akasimama nyuma yangu, akashuka tayari ana simu mkononi.

"Unamuita nani?"

"Papa. Kumuambia tu."

"Kumwambia nini? Gari linapumua! Wewe ukipanda mlima hupumui?"

Tukagombana pale pale, kando ya boneti iliyofunguliwa. Yeye anasema shangazi apande Landkruza, biashara iishe. Mimi nasema nitaisukuma mpaka Kasulu kwa mgongo wangu. Yeye anasema mwanamke gani anaoa gari. Nilivyokuwa nakasirika ndivyo nilivyokuwa nikifanya kazi: nimesubiri ipoe, nimefungua kifuniko kwa kitambaa, nimechukua bidoni nyuma, nimeng'oa jani, namimina. Namimina huku nimemgeukia Désiré, namwambia kwamba gari lake likikutana na tope bila kamba ya baba yake litalia. Namimina karibu yote.

Ni yeye aliyeona povu.

"Espe. Iyo maji inafanya povu juu ya nini?"

Nikaangalia mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa umeshika jani la mgomba.

Bidoni ikanidondoka, na kidogo kilichobaki kikamwagika barabarani. Harufu ya ndizi zilizopikwa ikapanda kwenye ule mlima kama kuna harusi. Nilikaa chini kwenye changarawe nikalia. Ile haikuwa pombe tu. Ndizi zile baba alizipalilia mwenyewe, na zilikuwa za mwisho alizoziona zikichanua. Nilikuwa nimezimwaga kwenye bomba kwa sababu ya mdomo wangu.

Désiré akakaa karibu yangu. Hakupiga simu.

"Tununue ingine Mabanda," akasema baadaye. "Shangazi ataijua wapi?"

"Ya dukani ni ya kumsalimia mtu. Hii ilikuwa ya kumwita."

"Tutasema njo ile ya Gasenyi."

"Apana. Mi siwezi," nikasema.

Nilitaka kuimwaga ile iliyomo, lakini maji tuliyokuwa nayo yasingetosha kuisafisha rejeta na kuijaza tena. Kisha Désiré akainama chini ya gari, akakaa huko muda, akatoka na uso wa ajabu.

"Imeacha kuvuja."

Kweli. Ule unga wa mtama uliobaki kwenye pombe ulikuwa umejipenyeza penye ufa na kuuziba. Tone hata moja halikuanguka. Nikawasha. Ikapanda Mabanda yote bila kusimama tena, mshale katikati, nyuma yetu harufu ya sherehe, na watu wa kandokando ya barabara wakigeuka kututafuta.

Manyovu hadi Kasulu

Ukivuka mpaka pale Manyovu unahama upande wa barabara, kwa sababu Tanzania wanaendesha kushoto. Kwa kilomita ishirini za kwanza nilikuwa nikijiimbia "kushoto, kushoto" kwa sauti, nikiwaza kwamba wale Waingereza wangeuacha usukani katikati, mimi nisingesumbuka.

Karibu na Kasulu askari wa usalama barabarani akanisimamisha. Kijana mpole, shati limepigwa pasi. Aliinama dirishani, akavuta hewa, upole ukapungua.

"Dada, umekunywa?"

"Sijakunywa, afande."

"Hapa kunanuka pombe ya ndizi."

"Ni gari ndilo limekunywa."

Akaniambia nishuke, nitembee kwenye mstari. Nikatembea. Akaniambia nirudi. Nikarudi, haraka zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuchoka na wanaume wanaonikagua. Kisha nikafungua boneti, nikamwambia anuse. Akanusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Désiré alifika, akaeleza mambo yote tangu foleni, kwa Kiswahili chetu, na wale wawili wakawa wanaulizana maana ya kila neno la tatu, huku machozi ya kucheka yakiwatoka.

"Nenda, dada," akasema yule wa kwanza. "Lakini liendeshe polepole. Limelewa."

Kasulu

Shangazi Klotilda ni mwembamba, mrefu, na ana macho ya baba. Hilo halikuwa haki. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa macho yale. Alitukaribisha, akatupa maji ya kunawa, maharage na samaki, migebuka ya Kigoma. Tukala. Vyombo vikaondolewa. Kisha akakunja mikono kwenye magoti, akangoja.

Désiré akaniangalia. Nikaangalia mkeka.

"Mmekuja kuniita," alisema shangazi, "na kinywa changu bado kikavu."

Nikamweleza. Sikupunguza kitu: hasira, jani la mgomba, povu. Nikamwambia pia kuhusu mtu wa Carama na sufuria, na kwamba nikirudi bila yeye ndani ya Landrova, itakatwa. Nikasema akikataa kuja atakuwa na haki, na mimi nitakuwa nimeliua gari la baba kwa mkono wangu.

Akanyanyuka, akatoka nje, tukamfuata. Aliizunguka Landrova taratibu. Akaomba nifungue boneti. Injini ilikuwa imeshapoa. Akatia kidole kwenye mdomo wa rejeta, akakinusa, akakigusisha ulimini, akafumba macho.

"Ndizi za nani hizi?"

"Za baba. Za Gasenyi."

Alisimama hivyo, kidole hewani. Nadhani alikuwa analia, lakini alinipa mgongo, nami sikuzunguka kumtazama.

"Shangazi, gari yangu iko na klima, inapuliza baridi," Désiré akasema polepole. "Utalala njia yote."

"Wewe gari lako limekunywa nini?"

"Mazutu, dizeli tu, shangazi."

"Basi litufuate."

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa fupi, kwa sababu shangazi alisimulia njia nzima. Alinionyesha kwa mkono vichaka alimojificha akiwa msichana, akikimbia kwa miguu njia hii hii tuliyokuwa tukiipita tumekaa. Penye ziwa karibu na Rumonge nilisimama, nikamwacha Désiré atangulie, nikakanyaga alama za matairi yake hasa. Nina kiburi, sina wazimu.

Siku ya kumaliza matanga ua ulijaa. Mtu wa Carama alikuwepo, ameketi karibu na lango, mita ya kupimia mfukoni. Pombe ilikuwa imeshazunguka, mirija inapokezanwa, na baba mdogo akasimama kugawa vitu vya marehemu. Alipofika kwenye gari, shangazi akainua mkono.

"Leonidas. Pombe mliyonipelekea, ndizi zilikuwa za nani?"

"Za kaka."

"Nani aliikamua?"

"Mimi, dada."

"Na nani aliinywa?"

Baba mdogo akanitazama mimi. Hakuwa ameambiwa. Ua mzima ukageuka, na nikasikia masikio yangu yanawaka. Kabla sijafungua mdomo, Désiré akasimama.

"Gari," akasema. "Papa, mi niliona na macho yangu. Ilikunywa yote. Na kisha ilipanda Mabanda bila kusimama."

Palikuwa na kicheko, kikafa chenyewe, kwa sababu shangazi hakuwa anacheka.

"Imekunywa pombe ya matanga ya kaka yangu, imekuja kunichukua, imenifikisha. Ni shahidi. Tangu lini hapa nyumbani tunamkata shahidi tukapikia maharage ndani yake?"

"Dada, gari apana mutu."

"Nimesema ni mtu? Nimesema imekunywa."

Baba mdogo alikuwa bado na mrija mkononi. Aliyemsaidia alikuwa yule mtu wa Carama. Alisimama, akaikunjua mita yake, akaikunja tena, akasema, "Mi siwezi kata kitu ilikunywa pombe ya matanga. Nina watoto." Akaomba sahani ya wali. Nikampakulia mwenyewe, nyama juu.

Shangazi akauchukua mrija kutoka mkononi mwa baba mdogo. Nilidhani anataka kunywa. Akanigeukia, akaniita kwa jina langu lote mbele ya wanaume wote wa ukoo, akanipa mimi. Nikanywa. Sikunywa kidogo kidogo kama binti. Nilivuta mpaka mrija ukalia.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Rejeta nimeisafisha mara tatu, na bado ikipanda mlima inanuka ndizi. Désiré huja Jumamosi tunabishana. Baba mdogo ameshaniomba mara mbili nimpeleke Gitega, na mara zote mbili nimempeleka, amekaa nyuma. Gari liko mlangoni kwangu, na funguo ziko kiunoni mwangu. Anayetaka sufuria aende sokoni.